Shahidi Aliyebaki

Jumatatu, tarehe 6 Machi mwaka 1871, kulikucha na baridi kali na ukungu mzito uliolala bondeni Hebbleroyd, kaskazini mwa Uingereza, hata bomba la moshi la kiwanda halikuonekana kuanzia nusu kwenda juu. Theluji ya wiki iliyopita ilikuwa imegeuka tope jeusi. Viatu vya mbao vya wafanyakazi havikugonga mawe kama siku zote, vilizama tu. Tabitha Holroyd alifika langoni kabla ya kengele. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mmoja, na katika miaka thelathini na mmoja ya kazi hakuwahi kuchelewa ila siku moja, siku aliyomzika mumewe.

Jumamosi iliyopita walikuwa wamemzika tajiri wao, Mzee Ephraim Thackwray, mwenye kiwanda cha sufu, mwenye nyumba ishirini na mbili za Safu ya Juu, na mwenye benchi la mbele kanisani. Jumapili watu walimwombea. Jumatatu walirudi kazini, kila mtu na swali lake kinywani.

Chumba cha marekebisho kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, upande wa kaskazini, kwa ajili ya mwanga. Wanawake kumi na wanne walikaa kwenye meza zilizoinama kuelekea madirishani, kila mmoja na jora lake, wakipitisha vidole juu ya kitambaa polepole. Penye fundo walilichomoa kwa kibano. Penye uzi uliokatika waliingiza sindano, juu chini, juu chini, wakiufuata mfumo wa nyuzi, mpaka mnunuzi wa London asiweze kujua kwamba pahali hapo paliwahi kuwa na kosa.

"Leo ndiyo leo," alisema Dorcas Bland, aliyekaa meza ya pili na ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Leo tutajua nani kapata nini. Mimi namwomba Mungu Mzee awe ameniachia ule mkufu wake wa saa."

"Na tumbo la kuuning'iniza utalitoa wapi?" aliuliza mwanamke wa meza ya nyuma.

"Nitakodi la mume wangu. Halina kazi nyingine."

Chumba kizima kikacheka. Tabitha alitabasamu tu, kwa kuwa alikuwa katikati ya sala. Ilikuwa desturi yake kumwomba Mungu huku vidole vikitembea, na asubuhi hiyo alimwombea marehemu, mtu mgumu, mtu wa kelele, lakini ndiye aliyefungua darasa la jioni ghorofani juu ya stoo ya sufu, akaweka taa na makaa na mwalimu, ili mtu aliyezeeka bila kujua kusoma aje bila kuona haya. Tabitha alikuwa amehudhuria darasa hilo kwa majira mawili ya baridi.

Saa mbili na nusu msimamizi wao alichungulia mlangoni. "Tabitha, unaitwa ofisini. Wakili anakutaka. Nawa mikono kwanza."

Dorcas aligeuka na kiti chake. "Mkufu!" alinong'ona. "Kakupa wewe, mchawi mkubwa!"

Ofisini moto ulikuwa unawaka vizuri. Nyuma ya meza ya Mzee alikaa Bwana Pickersgill, wakili aliyetoka Halifax, mwembamba, mwenye miwani. Upande mmoja alikuwa Bwana Walter, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwanamume wa miaka arobaini na minne aliyekuwa akikiendesha kiwanda kila baba yake alipougua. Upande wa pili alikuwa dada yake, Bi Selina Oddy, mke wa mchungaji huko Leeds, katika nguo nyeusi za msiba. Ndugu hao wawili walikuwa wamekaa mbali kadiri chumba kilivyoruhusu.

"Keti, Bi Tabitha," alisema wakili. "Mzee aliandika wasia wake kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa mmoja. Hakuniita, aliona ada yangu kubwa. Sasa kaniachia kazi mara tatu ya ile ambayo ningeifanya."

Akamsomea. Kiwanda kigawanywe sawasawa kati ya Walter na Selina. Nyumba za Safu ya Juu na kila kitu ambacho hakikutajwa ni vya Walter. Hisa za reli ziwe za darasa la jioni, kwa taa, makaa na mshahara wa mwalimu kwa miaka ishirini. Kisha wakili akasafisha koo na kusoma taratibu zaidi:

"'Na nyumba namba saba ya Safu ya Juu, pamoja na bustani yake, nampa Tabitha Holroyd, iwe yake na ya warithi wake, kwa sababu miaka thelathini na mmoja amerekebisha makosa ya wengine na hakumsema hata mmoja.'"

Tabitha alishika ukingo wa kiti. Namba saba ndiyo nyumba aliyokuwa amepanga na mama yake. Vyumba viwili, jiko, na kipande cha bustani chenye vitunguu. Alitaka kumshukuru Mungu, lakini uso wa wakili haukuwa uso wa mtu aliyeleta habari njema.

Bwana Pickersgill aliigeuza karatasi. "Jina hili chini hapa ni lako?"

Lilikuwa lake. Herufi zilikuwa zimelala upande kama masuke ya shayiri baada ya mvua, na ile T ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko zote. Aliikumbuka siku hiyo, Oktoba iliyopita. Mzee alikuwa amepanda ngazi zote hadi chumba cha marekebisho, akihema, akamwita pembeni kwenye kijichumba cha nyuzi. Karatasi ilikuwa imefunikwa na kipande cha kukaushia wino, maandishi yake hayakuonekana. "Nasikia sasa unaandika jina lako, Tabitha. Hebu tuone." Na Enoch Sugden, fundi wa mtambo wa mvuke, akaitwa naye kutoka chini. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwa Tabitha kuandika jina kwa wino, si kwa chaki, pahali ambapo lingebaki. Mzee alicheka akasema ile T ingetosha watu wawili. Jioni hiyo Tabitha aliimba njia nzima hadi nyumbani.

"Ni langu," alisema.

"Basi nisikilize. Sheria inasema mtu anayeshuhudia wasia hawezi kupewa kitu katika wasia huo huo. Akiandika jina, zawadi yake inafutika, na nyumba inaingia katika fungu la Bwana Walter. Mzee alitaka kukuheshimu kwa kukupa kalamu, na kwa kalamu hiyo hiyo akakunyang'anya nyumba."

"Angemwita Dorcas badala yangu?"

"Nyumba ingekuwa yako."

"Na ningeweka alama ya msalaba tu, kama zamani?"

"Msalaba nao ni sahihi, Bi Tabitha."

Moto ulitoa mlio mdogo. Bi Selina alikuwa anaangalia mikono yake. Tabitha aliinyoosha aproni yake magotini. "Kama sina changu hapa," aliuliza, "mmeniitia nini?"

Wakili alivua miwani. Mzee, kwa kujifanyia mwenyewe, alikuwa amesahau maneno ambayo kila wakili huyaweka mwishoni, kwamba mwenye wasia alitia sahihi mashahidi wote wawili wakiwepo pamoja, kwa wakati mmoja, wakimwona. Bila maneno hayo, shahidi mmoja lazima aape. Enoch alikufa Januari kwa kifua. "Umebaki wewe peke yako. Ukiapa kwamba wewe na Enoch mlikuwepo wote wawili Mzee alipotia sahihi, wasia unasimama. Usipoweza, karatasi hii ni ya kuwashia moto. Hapo kiwanda, ardhi na nyumba zote ni za mtoto wa kwanza wa kiume. Bi Selina atapata fungu katika fedha na hisa. Darasa la jioni halipati kitu."

"Unakumbuka, Tabitha?" aliuliza Bi Selina.

Tabitha alifumba macho. Kalamu aliikumbuka, na wino. Alikumbuka pia kwamba Enoch alikuja. Lakini pia alikumbuka kwamba wakati fulani mtambo ulipiga filimbi huko chini na Enoch akakimbilia mlangoni. Ilikuwa kabla ya Mzee kuandika, au baada yake? Alitafuta, hakupata.

"Sitaki kusema nilikiona kitu ambacho sijui kama nilikiona," alijibu.

"Saa tisa kamishna wa viapo anafika na Biblia yake," alisema wakili. "Una muda wa kufikiri mpaka hapo."

Bwana Walter alimfuata hadi kwenye ngazi. Hakupaza sauti. Walikuwa wamefahamiana tangu Walter alipokuwa kijana wa kubeba maboksi ya nyuzi.

"Tabitha, niko kiwandani hapa tangu nina miaka kumi na sita. Nimepanda ngazi hizi kuliko mtu yeyote. Selina alijiendea zake Leeds na mchungaji wake, hajui sufu ina harufu gani ikiloa. Sasa anachukua nusu. Wewe unaona ni haki?"

"Mimi si wa kuamua haki ya baba yako, Bwana Walter."

"Sikuombi useme uongo. Umesema mwenyewe hukumbuki. Saa tisa sema hivyo hivyo, 'sikumbuki', basi. Kesho nakuandikia namba saba kwa hati, mbele ya Pickersgill huyo huyo. Yako na ya mama yako."

"Na nikikumbuka?"

Walter alishika nguzo ya ngazi. "Msimamizi mpya wa chumba cha rangi anatoka Keighley. Ana watoto sita. Namba saba ina vyumba viwili, na ninyi mko wawili. Nitaihitaji."

Hakuyasema kwa hasira. Tabitha angependa zaidi kama angekasirika.

Saa ya chakula alipanda mlima kwenda nyumbani. Mama yake, Bi Hephzibah, alikuwa karibu na moto, soksi mikononi, macho meupe yakielekea mlango kabla haujafunguka. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alijua kila jiwe kutoka mlangoni hadi kisimani kwa miguu tu. Tabitha akamimina chai, akapaka mafuta ya nyama kwenye mkate mwembamba wa shayiri, akamweleza yote bila kuficha.

Mama alikula kwanza. Kisha akasema, "Sema hukumbuki, mwanangu. Kutokumbuka si dhambi. Mimi sikumbuki nilichokula asubuhi, na Mungu hajanikemea."

"Uji, mama. Wewe hukumbuki kwa sababu ya uzee. Mimi bado sijajaribu."

"Utajaribu ili iweje? Ili tupate nini?" Sindano zake zilisimama. "Dada yangu Ruth alikufa nyumba ya maskini, wanakotupwa wasio na pa kukaa. Walimvika gauni la kijivu lenye namba. Namba, Tabitha, kama jora! Nilipokwenda kumwona, wakaniuliza, 'Unamtaka namba ngapi?'"

Tabitha aliweka kikombe chini. Alikwenda chumbani akapiga magoti kando ya kitanda, akaegemeza paji la uso kwenye blanketi. "Bwana," aliomba, "sikuombi nyumba. Naam, naiomba, wewe unajua ninavyoitaka, mbele yako sina pa kujificha. Lakini kuliko nyumba, nakuomba nione. Usiniache niape kwa kubahatisha, wala usiniache nijifiche nyuma ya kusahau." Alingoja. Hakuona maono wala hakusikia sauti. Alisikia sindano za mama zikianza tena, na maji yakichemka.

Alipoinuka, wazo alilokuwa nalo lilikuwa la kawaida sana, hata akalionea haya kidogo. Mtu akimuuliza kama jora lina kosa, yeye hajibu akiwa amekaa kitini. Analipeleka dirishani, analigusa. Basi karatasi nayo ni kitu cha kuguswa.

Dorcas alimkuta njiani akirudi, akamshika mkono. Habari zilikuwa zimeshafika hadi chumba cha kusokotea.

"We mwanamke, una kichwa au una kibuyu? Mtu anakupa nyumba kwa neno moja, nawe unakwenda kupiga magoti!"

"Neno lenyewe ndilo sijui kama ni la kweli."

"Nani anajua? Enoch yuko kaburini, Mzee yuko kaburini. Unataka kumfurahisha mke wa mchungaji? Mpikie keki!" Dorcas alikuwa karibu kulia, na kwa kuwa hakupenda kulia, alizidi kufoka. "Na hilo darasa lako limekusaidia nini? Ungebaki mjinga kama mimi, Mzee asingekuita. Leo ungekuwa mwenye nyumba."

"Limenipa jina, Dorcas."

"Jina ulikuwa nalo!"

"La kuitwa na wengine. Hili naliandika mwenyewe. Nikiliacha leo chini ya karatasi halafu niseme sijui lilifikaje pale, sitaweza kuliandika tena."

Dorcas aliuachia mkono. "Basi nakuja na wewe," alisema. "Angalau mtu mwenye akili awepo."

Saa tisa kamili kamishna wa viapo, Bwana Ormerod, mzee mwenye mafua makali, alikuwa ameshaketi ofisini na Biblia mbele yake. Mlango uliachwa wazi kwa sababu moshi ulikuwa umejaa, na hapo kizingitini walisimama Dorcas na wanawake wengine watatu wa chumba cha marekebisho, wakijifanya wameleta sampuli za kitambaa.

"Bi Tabitha," alisema wakili, "uko tayari kuapa?"

"Nataka kwanza kuiona karatasi. Dirishani."

"Maneno yake nimekusomea."

"Maneno nimeyasikia. Nataka kuiona karatasi yenyewe."

Bwana Pickersgill alimtazama Walter, akamtazama Selina. "Wasia si kitambaa, mama."

"Najua, bwana. Mikono nimenawa."

Kamishna alipiga chafya. "Mpe basi," alisema, "kabla sijafa mimi nikawaachia shughuli nyingine."

Tabitha aliibeba karatasi kwa viganja viwili hadi dirishani. Ukungu ulikuwa umeinuka, na mwanga wa kaskazini ulikuwa ule ule anaoujua, mweupe, usiodanganya. Hakusoma. Aliinamisha karatasi huku na huku, akaipitisha ncha za vidole juu yake, toka pembeni kuingia katikati, jinsi anavyofanya kila siku. Karibu na jina la Mzee vidole vyake vilisimama. Pahali hapo palikuwa laini kuliko pengine, na alipoinua karatasi mbele ya kioo, mwanga ulipenya.

"Hapa pana mafuta," alisema.

"Doa," alisema Walter. "Baba alikuwa anakula mezani kwake."

"Si mafuta ya chakula. Ni ya mtambo, yamekuwa ya manjano. Ni dole gumba, bwana, dole kubwa, na lina mstari umelikata katikati." Hapakuwa na mtu kiwandani asiyelijua kovu la Enoch Sugden, alilokatwa na mkanda wa mtambo mwaka wa mafuriko.

Wakili aliinuka haraka akaja na kioo chake cha kukuzia. Aliinama muda mrefu. "Kovu lipo," alisema. "Lakini Enoch alitia sahihi yake kwenye karatasi hii. Lazima aliigusa. Hiyo haituambii ni wakati gani."

"Sahihi ya Enoch iko huku chini. Dole liko huku juu, kwenye jina la Mzee. Na tazama jina lenyewe, bwana. Hii herufi, K, mguu wake umekatika. Wino umeruka, umeshika tena mbele. Herufi nyingine zote ni nzima."

"Kalamu mbovu," alisema Walter, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Tabitha alimgeukia, akaongea naye kama mtu wa kazi na mtu wa kazi. "Bwana Walter, sufu tunaiosha kwa nini kabla ya kuitia rangi?"

Dorcas akajibu kutoka mlangoni, hakuweza kujizuia. "Kwa kuwa penye mafuta rangi haishiki! Hata paka wa kiwanda anajua!"

"Wino nao ni rangi," alisema Tabitha. "Kama mafuta yangekuja baada ya jina, wino ungekuwa chini, mzima. Mafuta yalitangulia. Dole la Enoch lilikuwa kwenye karatasi hii kabla Mzee hajamaliza kuandika jina lake."

Na hapo, akiwa bado ameishika karatasi, kumbukumbu ikamjia nzima, bila kuitafuta. Mzee alikuwa ameikunja karatasi kama bomba mfukoni, ikawa inajiviringisha kila akiitandaza. "Shika hapo, Enoch," alisema. Enoch akasema mikono yake ni michafu. "Shika tu, bwana wee! Mikono hiyo michafu ndiyo iliyojenga kila kitu ninachokigawa hapa." Na Enoch akashika, na yeye Tabitha alikuwa amesimama begani kwa Mzee, ameutumbulia macho mkono wake, kwa sababu alitaka kuona jinsi mtu aliyezoea anavyoishika kalamu. Baadaye Enoch akaandika lake. Kisha yeye. Na filimbi ya mtambo ililia wakati wino wa ile T yake ulipokuwa bado unang'aa.

Aliyaeleza yote hayo, polepole, neno kwa neno. Alipofika kwenye mikono michafu, Bi Selina alifunika uso. Walter alikuwa ameichukua karatasi na kioo, na kwa muda mrefu aliliangalia lile dole. Enoch ndiye aliyemfundisha kuutia mafuta mtambo alipokuwa na miaka kumi na sita. Aliirudisha karatasi mezani taratibu.

"Unajua unachofanya, Tabitha?"

"Najua, Bwana Walter."

"Namba saba."

"Najua."

Bwana Pickersgill aliandika maelezo ya Tabitha kwenye karatasi mpya, akaisukuma mbele yake pamoja na kalamu. Tabitha hakuchukua kalamu. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Kamishna alipiga chafya mara tatu. Akatoa saa, akaitazama, akairudisha. Kulikuwa na neno refu la kisheria ambalo Tabitha alilivunja vipande vinne, akalirudia, likakaa. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika mwisho alisema, "Ndivyo ilivyokuwa," akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa, akaandika jina lake.

"Wasia unasimama," alisema wakili.

Walter alisimama akaenda dirishani, akawapa wote mgongo. "Una mpaka Pentekoste," alisema. "Baada ya hapo naihitaji nyumba."

"Walter!" Bi Selina aliinuka. "Baada ya yote aliyofanya?"

"Nyumba ni yangu kwa wasia huo huo unaokupa wewe nusu ya kiwanda. Umeutaka usimame, umesimama. Wote tuufuate." Hakugeuka.

Bi Selina alimshika Tabitha mikono miwili. "Njooni Leeds. Tuna chumba nyuma ya jiko. Wewe na mama yako."

"Mungu akubariki, mama. Lakini mama yangu haoni. Hapa kisima anakijua kwa nyayo. Leeds atapotea kabla hajafika mlangoni, na atakufa kwa aibu ya kuongozwa."

"Darini kwangu pana nafasi," sauti ya Dorcas ilitoka kizingitini, kavu, kama mtu anayekopesha kitu asichokipenda. "Kulikuwa na kitanda cha kufumia cha baba, nimekiuza. Kuna panya, na chini yake kuna mume anayekoroma kama mtambo. Lakini mvua haiingii. Na kisima ni kile kile."

"Kodi utalipwa, Dorcas."

"Nani kakuomba kodi, kibuyu wewe?"

"Utalipwa."

Tabitha alijua kwamba kesho woga ungerudi. Angeamka kabla ya kengele na kulikumbuka gauni la kijivu, na kujiuliza kama alikuwa amefanya ujinga. Kwa hiyo alitaka neno lake litoke sasa, lisikiwe na masikio mengi, ili hata yeye mwenyewe asije akasema halikumbuki.

"Bwana Ormerod," alisema, "kiapo changu kimekwisha?"

"Kimekwisha, mama. Uko huru."

"Basi hili nalisema kwa hiari yangu, na ninyi nyote mliomo humu ni mashahidi." Aliwatazama mmoja mmoja, wakili, kamishna, Bi Selina, wanawake wa mlangoni, na mgongo wa Bwana Walter pale dirishani. "Kabla ya Pentekoste nyumba namba saba itakuwa tupu, sakafu imesuguliwa, ufunguo mezani hapa. Mama yangu hatalala katika nyumba ya maskini hata usiku mmoja, maadamu nina vidole. Na darasa likiendelea, nitakaa humo mpaka nijue kumfundisha mwanamke mwingine kusoma karatasi kabla hajaitia jina lake. Wa kwanza atakuwa Dorcas, apende asipende. Mungu akinipa uhai, nitayafanya yote matatu. Naahidi."